Vikopo vya Watoto Wazima

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye wodini walimwita Mama Vikopo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka 1978 akahitimu cheti cha maabara, akaajiriwa hospitali ya watoto, ambako kwa miaka thelathini na tano alipima choo cha wagonjwa bila kuziba pua.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980 na dereva wa gari la wagonjwa, marehemu baba yetu, wakajaliwa mapacha tarehe 2 Februari 1983. Agosti ya mwaka uliofuata mapacha hao, waliokula sahani moja, waliharisha siku moja, mama akawapima mwenyewe, akakuta kijidudu kilekile kwa wote wawili, lakini mmoja alifariki siku ya tatu, na mwenzake siku hiyohiyo alikuwa anakimbia uani.

Tangu hapo hakutulia, akashikilia kwamba tumboni mna bakteria wenyeji, na kwamba hao ndio humtuliza kijidudu mgeni au humchochea hadi awe mkali, hivyo kila alipoletwa mtoto mgonjwa alimwomba mzazi choo cha ndugu yake aliye mzima pia, akakihifadhi katika kikopo kwenye friza ya nyuma ya maabara, akisubiri vifaa vya kulinganisha bakteria wa wawili hao. Wakubwa walimcheka, na inatuuma kulisema hapa, lakini tutalisema, kwamba tarehe 3 Mei 2011, katika usafi wa kumpokea mgeni rasmi, vikopo vyote viliamriwa kutupwa, kwa kuwa viliandikwa "mzima", na ofisi ikaona choo cha mtu mzima wa afya hakina kazi maabara. Mama alirudi kutoka likizo akakuta friza imejaa soda, akasema tu, "Mmetupa nusu ya jibu."

Alistaafu mwaka 2013, figo zikaanza kumsumbua mwaka 2021, akafariki tarehe 19 Oktoba 2024, baada ya kumuuliza muuguzi kama siku hizi wanapima na choo cha watoto wazima, akajibiwa bado.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuchotea maji wiki nzima, na wafanyakazi wenzake, hata waliomwaga vile vikopo, maana walitumwa. Kikopo namba moja kilikuwa changu, mimi pacha niliyebaki, nina miaka arobaini na moja na sijui kwa nini ni mimi. Pumzika kwa amani, mama, swali nimelichukua mimi.