Msinizike Siku ya Foleni: Maisha ya Mama Petronilla Apolot, 1941–1998

Mama Petronilla Apolot, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998, alizaliwa mwaka 1941 huko Ngora, upande wa Uganda, mtoto wa tatu kati ya tisa. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mamake alisema ulikuwa msimu wa kuvuna wimbi, naye Petronilla hakujitafutia siku nyingine.

Alisoma shule ya misheni karibu na kwao kuanzia 1950 hadi 1953, akatolewa darasa la nne ili alee wadogo zake. Mwaka huo huo babake alimtuma sokoni kununua jogoo. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama, na babake alikuwa ameshika fimbo mlangoni. "Asubuhi kuku wote wanasimama, baba," mtoto akamwambia. "Nilitaka kuona ni yupi atasimama mpaka jioni." Fimbo iliwekwa chini. Shangazi zake wanaapa kwamba jogoo yule aliishi miaka minne.

Tarehe 3 Septemba 1960 alifunga ndoa na Zephaniah Osukuku, mkulima wa plau ya ng'ombe. Mzee yuko hapa mbele yetu na atatusamehe tukisema ukweli: yeye ni mtu wa haraka. Akila ugali kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta kofia. Walijaliwa watoto sita, wawili wakatangulia mbele za haki wakiwa wachanga.

Mwaka 1987 ng'ombe wao wote walichukuliwa na wezi wenye bunduki, na kilimo kikafa. Walivumilia miaka mitatu. Kisha wakauza nyumba ya mabati na kiwanja chake, Petronilla akafunga pesa zote kwenye leso, na Jumanne tarehe 12 Februari 1991 wakavuka daraja la Malaba kuja kununua biashara ndogo Kenya. Walio na jamaa pande zote mbili husema kuvuka Malaba si kwenda ng'ambo. Kwa Petronilla ilikuwa ng'ambo kabisa. Pesa zile zikipotea, hawakuwa na pa kurudi.

Siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imefika Amagoro. Madereva na mautingo walikuwa wamekwama siku ya nne, na mji ulijaa kama sahani ya arusi. Dalali mmoja, Vitalis, aliwapeleka moja kwa moja kwenye lojingi ya rangi ya kijani, ambako wageni walikuwa wamelala hadi kwenye veranda.

"Boss, hii kitu iko na watu kila siku," alimwambia Zephaniah. "Ukilala, kesho utapata mwingine amenunua."

Zephaniah alinyoosha mkono apewe leso. Petronilla hakuitoa.

"Foleni ikiisha je?" aliuliza.

"Foleni ya Malaba haiishi, mama!"

"Basi haina hasara tukingoja."

Wakangoja, wakilala katika ukumbi wa kanisa. Kila asubuhi Petronilla aliketi kando ya barabara akibambua karanga na kutazama. Zephaniah alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli. Alimwona mkewe akiwapoteza wote kwa ukaidi, na siku ya saba aliacha kumsemesha.

Alasiri ya siku ya kumi na moja malori yakaruhusiwa. Kesho yake, Jumamosi, barabara ilikuwa tupu. Katika lojingi ya kijani kulikuwa na mgeni mmoja, naye alikuwa nduguye Vitalis. Katika hoteli za jirani wapishi walisinzia. Mzee husimulia kwamba alisimama pale akahesabu vyumba vitupu, kwa sababu alijua ni yeye angekuwa mwenye lojingi ile.

Lakini nyuma ya reli, kwa Mzee Amollo wa Budalang'i, kulikuwa na msululu wa akina mama na mitungi yao. Amollo alikuwa na kisima kisichokauka na bafu nne za mabati. Siku za foleni madereva walioga hapo, na siku nyingine mji mzima ulichota.

"Mzee, unauza?" Petronilla akamwuliza.

"Nani amekuambia nauza?"

"Magoti yako. Yanalia ukivuta kamba."

Mzee Amollo alicheka, kisha akaachia kamba. "Nimechoka, mama. Nataka nirudi kwetu nikiwa bado natembea. Lakini watu wote wanatafuta lojingi. Hakuna mtu ameniuliza kisima."

"Tumevuka mpaka ili tununue maji?" Zephaniah alinong'ona.

"Wakikwama wataoga," alisema Petronilla. "Wasipokwama, Malaba bado itapika."

Ndivyo walivyochagua. Kisima kile kimewalisha na kuwasomesha watoto wanne. Petronilla aliongeza bafu tatu na pipa la maji moto, na madereva wa kutoka Mombasa walimwita Mama Bafu bila kujua jina lake lingine. Lojingi ya kijani imebadilisha wenyewe mara tatu.

Kisukari kilimwanza mwaka 1996. Agosti mwaka huu kidonda cha mguu wake wa kushoto kilikataa kupona. Aliaga dunia nyumbani Jumanne tarehe 6 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mzee.

Siku mbili kabla alikuwa amemwambia bintiye Bridgit, "Msinizike siku ya foleni."

"Mama, kwa nini?"

"Siku ya foleni kila mahali kunajaa. Mtajuaje ni nani alikuja kwa sababu yangu?"

Jamaa wengi walinung'unika, kwa maana foleni ilikuwa ndefu. Mzee Zephaniah hakunung'unika. Mtu huyu asiyejua kungoja alitoka kila asubuhi hadi barabarani, akatazama, akarudi akasema, "Bado." Watoto wake walikuwa hawajawahi kumwona hivyo, na walimwogopa kwa heshima. Juzi Alhamisi alirudi akavua kofia. "Imeisha," alisema. "Chimbeni."

Mama Petronilla ameacha mume, Mzee Zephaniah Osukuku, watoto Callistus, anayesoma haya, Bridgit, Eric na Phelister, wajukuu tisa, na dada zake wawili walioko Ngora.

Maneno haya ya mwisho hayamo katika karatasi mlizo nazo. Callistus ameyaandika kwa kalamu asubuhi hii. Tangu alfajiri hakuna lori hata moja barabarani, kutoka darajani hadi Amagoro. Nanyi mmejaza boma, mmejaza njia, na wengine mmesimama hadi kwenye reli. Mzee amewatazama kwa muda mrefu, kisha amesogea karibu na jeneza na kusema neno moja tu: "Wamekuja."

Lala sasa, Mama. Hakuna aliyekwama hapa.