Bluu ya Maua ya Mlozi

Benchi la nje ya mkahawa wa Pina, hapa mjini Settimo, linatazamana na geti la karakana ya kalamu. Wenye benchi ni Delfo, aliyebandikwa jina la Jaji kwa kupenda kutoa hukumu, na Gualtiero, ambaye wote humwita Redio. Asubuhi hiyo ya ukungu walikaa na Oreste, mchanganya rangi za resini ya kutengenezea kalamu, ambaye kahawa yake ilipoa bila kuguswa. Wageni kutoka Milano walikuwa njiani kuja kukagua kalamu mpya ya wino, ya kitajiri hasa, iliyofuata ule mchoro wa Van Gogh wa matawi ya mlozi yaliyochanua. Wakiikataa, karakana ingekosa kazi msimu mzima. Oreste aliitoa mfukoni, akailaza juu ya leso.

— Haya, semeni kweli. Rangi hii mnaionaje?

Hakuwaambia kwa nini anauliza. Tangu baridi ianze, kila rangi ya feruzi aliyoichanganya ilimjia machoni kama maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa ameshabadilisha taa ya mezani mara mbili.

— Bluu safi, alisema Jaji haraka. Kama gari la shemeji yangu.

— Gari la shemeji yako ni la kijivu!

— Hilo ni vumbi, Redio. Na hapa kama kuna kasoro, ni ukungu wetu tu umeingia kwenye resini.

— Ukungu uingie kwenye resini, bwana wee?

— Mbona umeingia kwenye magoti yangu?

— Acha zako. Sikilizeni. Yule Van Gogh aliuchora kwa ajili ya mtoto mchanga wa mdogo wake, si ndiyo? Basi mtoto alilia usiku kucha, mchoraji akakosa usingizi, asubuhi anga ikamjia kijani.

Oreste alishtuka hadi kikombe kikagonga sahani.

— Kijani? Umesema kijani?

— Nimesema mchoraji! Hasira za nini, kaka?

Jaji alimkata Redio jicho.

Hapo geti likafunguka, akaja Marzia, mng'arishaji mpya wa kalamu, ambaye hata majina ya wanabenchi hajayashika. Mkononi alikuwa na kalamu nyingine.

— Mzee Oreste, wageni wameshaingia. Hii nimeikuta kwenye trei yako ya jana. Hizi mbili ni rangi moja?

Oreste aliziinua zote mbili, akazisogeza karibu na pua, akazigeuza kwenye mwanga. Pina mwenyewe alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

— Moja, alisema Oreste. Kisha akazishusha: Marzia, sijui. Rangi sizioni.

Akamgeukia Jaji.

— Wewe uliona?

— Ya mfukoni ni kijani tupu, ndugu yangu. Niliona unavyotaka iwe bluu, nikasema bluu.

— Kijani gani?

Marzia ndiye aliyejibu, taratibu:

— Kama kokwa ya pistachio iliyomenywa. Hii ya jana ni kama anga mvua ikishakatika.

— Basi ya jana ndiyo yenyewe. Na nimeipata kwa bahati tu.

Angeweza kuipeleka ile nzuri na kufunga mdomo. Alivuka barabara nyuma ya Marzia. Mbele ya tajiri wake na wageni aliweka kalamu zote mbili mezani, akasema zimetoka kwa mikono ileile, na kwamba hawezi kuahidi ya tatu mpaka atibiwe macho.

Alipotoka, Jaji na Redio walikuwa wamesimama getini bila makoti.

— Wamesemaje?

— Watapiga simu. Wakikubali kungoja ya tatu, wangoje. Tajiri amesema Marzia awe macho yangu kwanza, mimi niwe mikono.

— Na daktari?

— Tajiri amempigia simu, naye daktari anadhani ni mtoto wa jicho. Hao huwa wanatolewa. Lakini mpaka wanione hospitalini...

Oreste alifuta uso kwa leso.

— Sasa niambieni nyie mabingwa wa kila kitu. Mke wangu nitamwambiaje?

Jaji alimshika Oreste mkono, Redio akashika wa pili, wakaelekea nyumbani kwake polepole, wote watatu.