Theopista Bitegeko, Aliyetupa Tufe na Hakuwahi Kukimbia

Familia ya marehemu Mzee Anaclet Bitegeko inawashukuru nyote mliofika hapa makaburi ya Kinondoni, leo Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, kumsindikiza Theopista. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Candida. Ameomba humu ndani atajwe kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu akianza kusema "mimi" hatafika mwisho. Walio na ratiba mikononi wataona kwamba kinachosomwa hakifanani na kilichochapwa. Ratiba zilichapwa Alhamisi, na mambo yamebadilika leo asubuhi. Wachapaji hawana kosa.

Tunajua pia kwamba wapo waliofika hapa wakiamini wanamzika mwanariadha wa mbio. Jana msibani kina mama wawili walikaa mkekani, wakalia kwa uchungu hasa, kisha wakauliza mbona picha ya marehemu si ya yule dada wa kwenye filamu ya maisha yake. Waliambiwa yule ni mwigizaji, mzima wa afya. Wakanywa chai wakabaki, na tunawashukuru kwa kubaki.

Theopista alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, Ilala, mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Anaclet, fundi cherehani, na Mama Verdiana, wote wenyeji wa Bukoba waliohamia mjini. Alikulia Mtaa wa Swahili, Kariakoo, katika nyumba ya Bi Shamsa, ambaye yupo nasi hapa na ambaye hadi leo anadai ndiye aliyemfundisha marehemu kupika pilau. Alikuwa mtoto mkubwa wa mwili na mkubwa wa miguu. Darasa la tano alikuwa akivaa viatu vya baba yake, na Mzee Anaclet alipenda kuwaambia wateja kwamba huyu binti upepo hautamwangusha.

Alisoma shule ya msingi Mnazi Mmoja kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari ya kutwa hapo hapo Ilala, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997 na daraja la nne. Hakulificha daraja hilo. Alilitaja hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza, akiwa na wateja dukani, na kuwaachia wao aibu. Ndiyo maana familia haijaelewa mpaka leo ilikuwaje mtu wa namna hiyo akaja kuficha kidonda.

Mwaka 1998 aliajiriwa na Mzee Vallabhdas, Mchafukoge, katika duka la vifaa vya ushonaji. Alikaa pale miaka minane akiuza zipu, vifungo, bitana na nyuzi, na aliweza kukutajia rangi ya uzi unaofaa kitambaa chako akiwa amekupa mgongo. Mwaka 2006 alifungua fremu yake ya duka Mtaa wa Kongo. Mafundi wengi mliopo hapa mmevaa vifungo vyake.

Alifunga ndoa na Bwana Faustine Lwiza tarehe 12 Novemba 2005. Mungu alivyopanga, alifariki siku hiyo hiyo ya miaka ishirini ya ndoa yao. Mwaka 2008 walijaliwa binti, Asteria. Bwana Faustine ni Yanga wa kutupwa. Kila timu yake ilipofungwa alisusa chakula cha usiku, na Theopista alimwekea sahani yake kabatini bila neno. Alisema maumivu ya mpira hayana dawa, yanasubiriwa tu.

Sasa tunafika kwenye kifungu ambacho ratiba yenu inasema: "Mwaka 2013 alipata ajali." Hakupata ajali.

Mwaka 2013 Candida alikuwa anaolewa. Theopista alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na mwenyekiti wa kamati hana ruhusa ya kuumwa. Candida alitaka dada yake na binamu zake kumi na mmoja waingie ukumbini kwa mstari, wakicheza, sare moja kuanzia kilemba hadi kiatu. Viatu alivichagua yeye, vya rangi ya dhahabu, vya kuchongoka mbele, dazani moja kwa bei ya jumla. Namba kubwa kabisa ndani ya dazani ilikuwa arobaini. Theopista alivaa arobaini na moja, na hiyo ni kwa viatu vyenye huruma.

"Vinanibana, Candy," alisema. "Nitafute vingine vya kufanana?"

"Kufanana siyo sare, dada. Utaharibu mstari. Si kwenye kuingia tu? Ukikaa, vua."

Akavaa. Alivivaa kwenye kitchen party tarehe 20 Julai, akavivaa tena kwenye sendoff tarehe 17 Agosti, na harusini tarehe 31 Agosti. Lengelenge la kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, lilipasuka siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu lilikuwa kidonda alichokifunga kwa kitambaa cha bitana ndani ya soksi. Hakujua kwamba ana sukari. Hakuna aliyejua. Picha za harusi zipo, na ndani yake Theopista anacheza kuliko wote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja tarehe 26 Septemba 2013, alipokatwa mguu chini ya goti. Candida alikuwa bado ananukia udi wa harusi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, Kocha Abdulswamad, mwalimu mstaafu anayewafundisha michezo watu wenye ulemavu viwanja vya Jangwani, alifika dukani kununua zipu ya begi. Alimwona Theopista akishusha robota la vitambaa kutoka rafu ya juu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gongo. Akamuuliza kama amewahi kutupa tufe. Theopista akasema hajawahi kutupa kitu chochote isipokuwa takataka. Jumamosi iliyofuata alikwenda, na kwa miaka tisa Jumamosi hazikuwa tena za familia.

Ukweli usemwe: hakuwa mzuri sana. Katika mashindano ya mkoa alishika nafasi ya tatu mara nne, na mara mbili kati ya hizo washindani walikuwa watatu. Candida hakuelewa. Siku moja alimuuliza kwa hasira, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia dukani, na Jumamosi alibaki peke yake, "Hivi dada, unaenda kutafuta nini kule wakati hushindi?"

"Mbona shemeji yako humuulizi? Yeye hata hachezi, na chakula anasusa."

"Nakuuliza wewe."

"Kule kuna mtu ana futi kamba," alisema. "Nikitupa mita tano anasema tano. Haniongezei kwa sababu ya mguu. Halafu Kocha ananifokea kama anavyofokea watu."

Candida aliona hilo si jibu. Leo anaona pengine lilikuwa jibu, ila hana uhakika. Mji mzima huu unalia na kucheka kwa ajili ya Simba na Yanga, na hakuna anayeambiwa ajieleze. Lakini mwanamke wa gongo moja akipenda mchezo, kila mtu anataka kujua sababu, na sababu yenyewe lazima iwe kubwa.

Mwaka 2021 alikuja Gaurav, mjukuu wa Mzee Vallabhdas, ambaye Theopista alimbeba mgongoni akiwa mchanga na ambaye sasa anatengeneza filamu. Alikuja kwa adabu zake zote, akaamkia shikamoo kila aliyekuwepo, na akasema anataka kutengeneza filamu juu ya maisha ya dada Theo. Kwanza alibadilisha mchezo.

"Tufe halikai vizuri kwenye kioo, dada. Likitupwa limeanguka, basi. Mbio zina msisimko."

"Gaurav, hata nilipokuwa na miguu miwili sikuwahi kukimbia."

"Ni filamu tu, dada."

Siku nyingine Gaurav alikuja dukani akamkuta Candida peke yake, Theopista akiwa kliniki. Aliuliza mguu ulikatwa kwa sababu gani, kalamu mkononi, na wateja wawili wamesimama wakisikiliza. Candida alikuwa na ukweli mdomoni. Akaona viatu vya dhahabu, akaona dazani, akajiona mwenyewe akisema "kufanana siyo sare". Akasema, "Alimwokoa mtoto. Lori lilikuwa linarudi nyuma hapa Kongo."

Gaurav aliacha kuandika. "Mbona dada hajaniambia?"

"Hapendi sifa."

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza mwezi Juni 2022. Theopista aliigizwa na dada mrembo mwenye miguu yake miwili, mmoja ukafutwa kwa kompyuta. Nusu nzima ya filamu dada huyo alikaa chumba chenye giza akilia. Theopista halisi alirudi dukani siku kumi na nane baada ya kutoka hospitali, akafoka kwa nini zipu zimechanganywa. Wenzake wa Jangwani hawakuwemo hata mmoja. Mwenye ulemavu alikuwa yeye tu, dunia nzima. Gizani Candida alimsikia akimnong'oneza Kocha, "Sisi wengine tuko wapi?"

"Sijui," Kocha alijibu. "Mimi nadhani wamenigeuza yule daktari."

Mwishoni dada yule alikimbia, akashinda, na ukumbi mzima ukasimama. Watu walilia. Candida alilia pia, na hajui alikuwa akimlilia nani. Tangu siku hiyo amewaza sana. Inaonekana kwenye filamu mtu hawezi kukatwa mguu hivi hivi. Lazima kwanza awe ametenda wema, kisha lazima alipwe kwa kushinda, la sivyo watazamaji hawatalala. Wa tatu kati ya watatu hana filamu. Gaurav yupo hapa leo, anasikia haya pamoja nanyi kwa mara ya kwanza. Filamu aliitengeneza kwa mapenzi, na uongo aliletewa na sisi.

Lori lilipotokea kwenye kioo, Theopista aligeuka akamtazama mdogo wake. Wakiwa nje wanasubiri usafiri alisema tu, "Mtoto mwenyewe mzuri." Basi. Asteria, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia habari za lori. Theopista alijibu, "Muulize mama mdogo." Hiyo ilikuwa nafasi ya kusema ukweli, aliyoifungua kwa mkono wake mwenyewe, na mama mdogo alimsimulia mtoto lori lote upya, na kuongeza rangi yake.

Baada ya hapo watu walikuja dukani kupiga naye picha. Baba mmoja alimleta kijana wake mvivu ili aambiwe asikate tamaa. Theopista alimuuzia zipu ya suruali na kumwambia asome namba kabla hajanunua. Kama filamu ile ilimpa heshima au ilimfuta, familia haijakubaliana.

Mwezi Aprili 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumamosi zake za Jangwani zikaisha. Tarehe 3 Novemba mwaka huu, akiwa wodini, alimwambia Candida, "Wasifu wangu utaandika wewe. Watu usiwape lori."

"Niwape nini?"

"Viatu," alisema, akaomba maji. Candida alimpa maji. Alikaa pale hadi wageni wakaambiwa watoke, na hakuuliza kitu kingine. Theopista alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, Bwana Faustine akiwa amemshika mkono. Alhamisi Candida alikwenda kwa mchapaji, na pamoja na yote aliyoagizwa, akaandika "ajali".

Leo asubuhi, wakati wa kuvaa, Asteria alikuwa na ratiba mkononi. "Mama mdogo, kifungu cha ajali mbona kifupi? Naomba nikisome mimi. Nataka niseme habari za yule mtoto."

Hapo Candida alikosa pa kukimbilia. Alimwambia yote, tangu dazani hadi bitana ndani ya soksi.

Asteria alishusha ratiba. "Kwa hiyo mama hakumwokoa mtu?"

"Hakumwokoa mtu."

"Hakuna mtoto."

"Hakuna, mwanangu."

Candida alingoja kuchukiwa. Asteria alikaa kitandani, akasema, "Mimi kila nikipita pale Kongo naangalia watoto. Kila siku, mama mdogo, tangu ile filamu. Nawaza likija lori nitaruka kama mama au nitaogopa. Na mimi najijua, nitaogopa." Kisha akasema, "Afadhali," akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatano. Alipotulia alimwambia mama yake mdogo asome hivi hivi kama alivyosimulia, asipunguze.

Ndivyo inavyosomwa. Familia inajua mmechanganyikiwa, nasi pia. Theopista alijua uongo ule kwa miaka mitatu, akauza nao, akapigwa nao picha, akamwachia mdogo wake auseme mwenyewe au asiuseme. Ulikuwa upole au ilikuwa adhabu, yeye ndiye aliyejua.

Marehemu ameacha mume, Bwana Faustine, binti, Asteria, mama mzazi, Mama Verdiana, kaka yake mkubwa na mdogo wao wa mwisho, wanamichezo wenzake ishirini na wawili wa Jangwani, waliosimama pale nyuma na magongo yao, ambao tunawaomba sasa wasogee mbele pamoja na ndugu, na Candida, aliyekuwa na miaka kumi na miwili ya kumwomba dada yake msamaha, akaja kuuombea hapa.

Mungu ampokee Theopista kama alivyo, na ampe pumziko la amani.