Waziri wa Afya Yuko Kwenye Ziara ya Kikazi

KIJIKO: Haloo? Nani huyo ananong'ona?

WAZIRI: Ni mimi, bwana. Mwenzako wa chumbani.

KIJIKO: Waziri! Tunakusubiri jukwaani. Daktari wa chuo ameshakaa, bomba la kunawia mikono limefungwa utepe, wanafunzi wanaungua jua. Uko wapi?

WAZIRI: Chooni.

KIJIKO: Toka basi, uje—

WAZIRI: Sitoki. Kila nikisimama tumbo linanirudisha. Tangu alfajiri.

KIJIKO: Ni yale maharage.

WAZIRI: Usiyataje.

KIJIKO: Nilikwambia yamechacha. Ukasema ukiyapasha, moto unaua kila kitu.

WAZIRI: Sikiliza. Nisipohutubia leo, naibu wangu ananinyang'anya cheo. Weka simu kwenye kipaza sauti, nitahutubia huku huku.

KIJIKO: Hotuba ya usafi, nawe uko—

WAZIRI: Weka, ndugu yangu. Nakuomba.

KIJIKO: Haya. (mkwaruzo) Wageni waalikwa, Waziri wa Afya wa wanafunzi yuko... kwenye ziara ya kikazi. Atasema nasi kwa simu.

WAZIRI: Ndugu wanafunzi. Asiyelala usiku atalala kwenye mtihani. Kahawa si chakula, msijidanganye. Na mawazo yakikuzidi, tafuta mtu uongee naye, usijifungie... usijifungie ndani.

KIJIKO: (ananong'ona) Umewagusa. Kuna anayelia.

WAZIRI: Na kiporo. Kikilala mezani, kitupeni. Asije mtu mwenye cheo akawaambia vingine, kwa sababu hata mimi— (maji yanashuka kwa kishindo)

KIJIKO: (anaondoa simu kwenye kipaza sauti) Waziri. Umevuta maji.

WAZIRI: Wamesikia?

KIJIKO: Wanadhani umezindua bomba. Daktari amekata utepe. Sikia makofi hayo.

WAZIRI: Afadhali. Cheo kimepona. Daktari anasemaje?

KIJIKO: Anatabasamu. Hapana, ameacha. Ameshika tumbo.

WAZIRI: Kijiko. Asubuhi alipopita chumbani kunisubiri, ulimkaribisha nini?

KIJIKO: Mgeni haachwi na njaa.

WAZIRI: Nini, Kijiko?

KIJIKO: Niliyapasha sana, lakini. Waziri wa Afya akisema moto unaua, mimi nani nibishe? Hata mimi nilikula naye, sahani yangu nzima.

WAZIRI: Mungu wangu. Yuko wapi sasa?

KIJIKO: Ameuliza choo. Nikamwambia chenye maji ni kimoja tu, hicho chako. Sasa nami naja, Waziri, niko ngazini, nifungu— (mtandao unakwaruza)

WAZIRI: Kuna mtu anagonga. Ni wewe?

KIJIKO: Mimi bado ngazini.

WAZIRI: Basi ni yeye.

KIJIKO: Usimfungulie. Sisi tumetoka mbali, wewe na mimi.

WAZIRI: Nisipomfungulia, atanishtaki, na naibu atakuwa waziri kabla ya chakula cha mchana.

KIJIKO: Na mimi je?

WAZIRI: (mlango unalia) Shikamoo, daktari. Pole sana. Nipe dakika moja tu, ninawe mikono kwa sabuni.

KIJIKO: Leo ndiyo unanawa? Mpishe mzee wa watu! Haloo? Waziri, mwambie mimi ni wa pil—