Kipindi cha Chuma na Chai Kirudishwe Hewani

Mgeni rasmi, Bw. Oketch, Mkurugenzi wa Vipindi wa Runinga ya Bonde la Chai. Chifu wetu, wachungaji, wazazi na vijana wenzetu:

MAKARIBISHO

Sisi watayarishaji na watazamaji wa Chuma na Chai tunakukaribisha Kedowa. Umekuja kufungua mnara mpya wa kurushia matangazo, na tunashukuru. Sasa picha itakuwa safi. Shida ni kile tutakachoonyeshwa.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita Kinuthia, fundi wa kuchomea vyuma, alianza kutupatia karakana yake kila Jumamosi alasiri turekodie kipindi. Edinah, mchuma majani chai, akawa mtangazaji wa kuhoji wageni. Muziki wetu ni metali, ule wa magitaa ya kunguruma na sauti ya kukwaruza koo. Watu walitucheka, kisha wakaanza kututazama.

TULIYOFANIKISHA

Bendi tisa zimeanzishwa, kutoka Kaplong hadi Longisa. Mzee Gibson, mzee wa kanisa, alikuja siku moja kumtoa mwanawe kwenye dramu kwa nguvu. Edinah akamvutia kiti, akamhoji. Baba na mwana walikuwa wamenuniana mwaka mzima, lakini siku hiyo waliongea mbele yetu sote. Mwishowe mzee akaomba wimbo urudiwe. Haya ndiyo ya kufungiwa?

CHANGAMOTO

Mwezi wa Machi ofisi yako ilituletea barua ya mistari miwili. Ilisema kipindi kimefutwa kwa sababu wageni wetu "hunyweshwa majivu kama ibada ya shetani". Hakuna aliyetupigia hata simu. Imetuuma sana. Edinah sasa anaitwa mchawi sokoni, na watoto wake hawapati wa kuketi nao kanisani. Saa yetu nayo mmeijaza marudio ya tamthilia ambayo wahusika wake tumeshawazika mara tatu.

Mgeni rasmi, yale ambayo Edinah huwapa wageni ni mursik, maziwa lala yetu ya kibuyu. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, ndiyo maana maziwa huwa na rangi ya kijivu. Anayeheshimiwa ndiye hupewa. Kosa letu ni moja na tunalikubali: hatukueleza hewani. Lakini huku kwetu, nani huelezwa mursik?

MAOMBI

Tunaomba kipindi kirudi, siku ile ile, saa ile ile. Tena Edinah asafishwe jina hewani, na ofisi iliyomchafua.

La mwisho. Ulipofika getini asubuhi hii, mama wa kitambaa cha kijani alikupokea kwa kibuyu. Huyo ndiye Edinah. Kibuyu ni kile kile cha kwenye kipindi. Ulikunywa, ukapangusa mdomo, ukaomba tena. Tunauliza kwa heshima: pale ulikuwa unamwabudu nani?

Mungu akubariki, akufikishe nyumbani salama, na akupe mkono mwepesi wa kutia sahihi.

Ni sisi, Jamii ya Chuma na Chai, Kedowa.
Imesomwa na Janeffer Chelangat, katibu.