Bibi Loveday na Mabega ya Kapteni Carwithen

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, Bibi Loveday Trebilcock anafunga mlango wa Chumba cha Nne kwa mara ya mwisho. Ameitumikia Makumbusho ya Hallett, hapa Plymouth, miaka thelathini na saba, miezi minne na siku kumi na moja. Aliingia akiwa Mlinzi wa Chumba, Daraja la Pili. Anatoka akiwa Mlinzi wa Chumba, Daraja la Pili. Ofisi imeniomba niandike wasifu huu kwa uchangamfu, nami Denzil Uren, fundi wa fremu na vibao, ni mtu wa kutii sana, kama mtakavyosoma. Basi tuchangamke.

Kwa wale wa ghorofa ya juu wasiomjua, na wapo, ni yule mama mfupi wa sweta la bluu ambaye huwa mnampita mkielekea kwenye mikutano. Chumba chake ndicho chenye picha kubwa za vita vya baharini, merikebu za matanga zinapigana mizinga mpaka moshi unafunika nusu ya turubai. Kuzizunguka zipo picha kumi na sita za maafisa waliopigana vita hivyo. Bibi Loveday huwaita waume zake. Marehemu mumewe, Garfield, alimwuliza siku moja kama haoni aibu kushinda na wanaume wengine kutwa nzima. "Kumi na sita wote hakuna anayenijibu jeuri," akamwambia, "wala anayeacha soksi sakafuni." Garfield mwenyewe ndiye aliyetuhadithia, akicheka.

Mwaka 1994 alikuja mgeni mmoja, mstaafu wa jeshi la maji, akawa anawaeleza wajukuu zake vita kwa kugusagusa picha kwa ncha ya mwavuli. Bibi Loveday alimpokonya mwavuli kabla hajamaliza sentensi. "Bwana mkubwa, hii meli imeshapigwa vya kutosha!" Yule mzee alirudi kila mwaka hadi alipofariki, na mwavuli wake aliuacha mlangoni bila kuambiwa.

Mwaka 2009 kiti cha Bibi Loveday kiliondolewa. Waraka ulisema kwamba mlinzi aliyeketi huwafanya wageni wadhani hapa pana uvivu. Alikuwa na miaka hamsini na moja na goti bovu. Amesimama tangu siku hiyo, miaka kumi na sita, na waraka wenyewe ninao bado karakanani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila mlinzi hutakiwa aandike katika daftari la chumba hali ya picha zake kila siku. Wengi wetu tunajua linavyoandikwa: "Hakuna jambo," saini, kisha chai. Bibi Loveday alikuwa akitazama kweli. Mwezi Machi 1988 aliandika hivi: "Namba 9. Saa tatu na nusu asubuhi, jua la dirishani. Dhahabu ya mabegani ina ukingo. Imepakwa juu ya moshi. Tafadhali mtazame."

Namba 9 ni Kapteni Ambrose Carwithen, aliyechorwa na moshi wa vita nyuma yake. Jua huifikia picha yake siku chache tu kila Machi, kisha basi mpaka mwaka ujao. Kila Machi akaandika maneno yale yale. Mara thelathini na tano aliandika, na hakuna aliyetazama. Siku zake za mapumziko alikwenda maktaba ya mji, akajisomea mwenyewe mpaka akajua maana ya ule ukingo. Afisa wa zama zile alichorwa angali luteni. Akipandishwa cheo, hakuagiza picha mpya, alirudi kwa mchoraji aongezewe mapambo ya dhahabu mabegani, picha ikapanda cheo pamoja naye. Kwa hiyo Carwithen alichorwa kabla hajawa kapteni, na vita vilivyo nyuma yake si vile tulivyowaeleza wageni kwa miaka themanini.

Machi 2022 akaajiriwa Dakta Piers Lanyon, msomi wa picha za kale. Wiki ya kwanza Bibi Loveday alimvuta mkono, akamwonyesha.

"Mama, hicho ni kivuli cha taa," akasema Dakta.

"Mpenzi, saa hizi taa hatujawasha." Humwita kila mtu mpenzi, kama wenyeji wote wa hapa.

Dakta akaazima daftari kwa siku mbili, akakaa nalo miezi minne. Mwaka uliofuata picha ilipigwa eksirei, na chini ya dhahabu akaonekana luteni, mabega matupu. Magazeti yakaja, mihadhara ikafuata. Katika kila mhadhara tuliambiwa kwamba asubuhi moja jicho la Dakta lilivutwa na bega. Jicho la Dakta! Lingevutwa na nini bila lile daftari?

Bibi Loveday hakulalamika. Lakini Septemba iliyopita Mkurugenzi alimwambia, katika chumba cha chai, mbele ya watu saba: "Loveday, tunatengeneza kibao kipya cha namba 9. Jina lako litakuwa ukutani, nakuahidi." Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa maneno machache. Katika maisha yake yote ya kazi hapa, hicho ndicho kitu pekee alichokitaka. Alimpigia simu dada yake Jenifer, wa Saltash, hata chai yake haijapoa.

Januari ofisi ikaniletea maneno ya kuchonga. Yalisema: "Ugunduzi wa Dk. Piers Lanyon." Hakuna kingine. Niliyasoma mara mbili, kisha nikayachonga. Ningeweza kupanda ngazi na kuuliza. Sikupanda. Nilipokuwa nakifunga kibao ukutani, Bibi Loveday alisimama kando yangu na skrubu nne kiganjani, akinipa moja moja. Alikuwa ameshakisoma. "Kushoto kumeinama, Denzil," akasema. "Inua kidogo." Nikainua. Nasikia aibu mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata dada mtu alifika kwa basi, amebeba maandazi ya nyama ya kusherehekea. Akasoma kibao, akafuta miwani, akasoma tena.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Nyuma ya kamba," akasema Bibi Loveday, "kama kawaida."

Walicheka wote wawili. Baadaye nilimsikia Bibi Loveday akilia stoo, nami nikapita kimya kimya kama mwizi.

Jumatatu wiki hii nilifungua daftari la Chumba cha Nne. Ameandika: "Namba 9. Saa tatu na nusu, jua limeingia. Kibao kina kosa. Tafadhali mtazame."

Nimetazama.

Karatasi hii nimeichapa mwenyewe karakanani, kwa hiyo ofisi inaisoma sasa pamoja nanyi nyote, mkiwa mmesimama Chumba cha Nne na glasi mikononi. Geukeni muitazame namba 9. Kibao cha leo kinasema: "Aliyeona: Loveday Trebilcock, mlinzi wa chumba hiki, Machi 1988." Dakta Lanyon asisononeke. Cha kwake nimemwekea mezani, pamoja na skrubu zake nne.

Jumatatu nitaitwa nikakibandue. Najua, maana fundi wa vibao ni mimi peke yangu. Nimeshawaandikia barua kwamba sitakibandua, na kwamba wakitaka fundi mwingine, wamtafute.

Bibi Loveday, asante kwa miaka yote uliyotutazamia vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavipita tu. Unisamehe ya Januari. Hicho kiti kilicho chini ya picha ni chako kile kile cha mwaka 2009, nilikificha karakanani. Leo usisimame. Tunakutakia afya, goti jepesi, na Machi nyingi zenye jua.

Kibao nimekipima kwa pimamaji. Hakijainama.