Friji la Chanjo ya Sotoka

Jumanne ile, kabla jua la Same halijawa kali, benchi la Mzee Sefu lilikuwa limeshajaa. Benchi hilo limeegemea ukuta wa stoo ya mifugo, karibu na stesheni ya reli, na ukinunua kahawa pale maneno unapewa bure, utake usitake. Siku hiyo maneno yalikuwa juu ya friji la serikali, lile la mafuta ya taa lililomo stooni, alilokabidhiwa Kaanaeli, kijana wa Vudee kule milimani kwenye baridi. Asubuhi alilifungua akakuta chupa za chanjo ya sotoka, tauni ya ng'ombe, zina uvuguvugu. Kesho yake ng'ombe wa tambarare wanaletwa kuchanjwa, na Bwana Mifugo yuko safarini Gonja. Kaanaeli akaja benchini mbio.

— Taa inawaka, alisema. Mafuta yamo. Utambi nimeukata. Sasa lina nini?

— Moto wake rangi gani? aliuliza Hezroni, aliyeitwa Injini kwa kuwa aliwahi kupaka grisi magurudumu ya treni miezi minne.

— Njano. Na masizi.

— Umeona! Bomba la moshi limeziba. Friji linakosa pumzi.

— Pumzi! alicheka Amiri, ambaye kila kesi ya mjini aliihukumu yeye, wakambandika jina Bwana Shauri. Friji lile la Ulaya, bwana. Joto la hapa limelishinda. Lipandisheni Vudee wiki moja, likumbuke kwao.

— Mie sijaliamini tangu mwanzo, Sefu alisema akimimina. Moto utengeneze barafu? Basi na buli langu litagandisha.

— Mzee, dawa inaharibika!

— Tulia, mwanangu. Kunywa.

— Sikilizeni, alisema Injini. Treni ikipita inalitikisa tumbo. Maji yake ya ndani, yale yanayolipoza, yamelala upande mmoja. Tulipindue, kichwa chini miguu juu, licheue kama mtoto.

— Mali ya serikali hiyo! alionya Bwana Shauri. Likipasuka mtafungwa nyote, mie simo.

Kaanaeli hakuwa na la kufanya. Chupa walizifunga kwa gunia bichi, wakazima taa, wakalipindua. Ndani maji yakagugumia. Walibishana mpaka adhuhuri kama ule ni mlio wa kupona au wa kukata roho. Kisha wakalisimamisha, Injini akasugua bomba kwa tambara lililofungwa kwenye fito, wakalisawazisha miguu kwa vipande vya mbao, wakawasha. Moto ukawa wa buluu. Jua lilipokaribia kuzama Kaanaeli akatia mkono ndani, akaukuta ubaridi. Nusura alie kwa furaha. Akazirudisha chupa zote.

Hapo akafika Moringe, mzee wa Kimasai, vumbi limempanda hadi magotini.

— Shikamoo mzee, Kaanaeli alimwamkia.

— Marahaba. Dawa ya ng'ombe iko?

— Iko! walijibu wote, na Bwana Shauri akasimulia matengenezo yote kana kwamba fito alishika yeye.

Moringe alisikiliza hadi mwisho.

— Liliacha baridi lini?

Bwana Mifugo alikuwa amekataza lisifunguliwe ovyo, na Kaanaeli, kwa utii wake, hakulifungua tangu Jumamosi mchana. Bwana Mifugo alikuwa amesema pia kwamba chanjo ikishinda kwenye joto siku nzima huwa maji matupu. Huenda friji lilikufa alfajiri ile. Huenda Jumamosi ileile.

— Injini? Kaanaeli aliuliza.

Injini alichungulia kikombe chake. Sefu aliinamisha buli, likatoa machicha tu.

— Sijui, mzee, alisema Kaanaeli. Usiwalete ng'ombe.

— Wako njiani tangu jana. Wa maboma yote, kundi moja. Hata wa boma la Leshan wamo, wale wanaotoka machozi na kamasi.

Kaanaeli alijua sotoka huanza hivyo. Aliacha mlango wa stoo wazi, akashika njia ya tambarare mbio kuwatenga wa Leshan kabla hawajaambukiza kundi zima, Moringe akimfuata nyuma.